Farasi Wako Hakosi Magnesiamu

Siku hizi farasi haruhusiwi kuwa mwoga tu. Akishtushwa na mfuko wa plastiki unaopeperuka, ana upungufu wa magnesiamu. Akikaza mgongo wakati wa kutandikwa, ni magnesiamu. Akigoma kupanda gari, akituna shingo kwa mafuta, akichechemea baada ya siku chache za majani mabichi, akilia kwa sauti mwenzake anapoondolewa zizini: magnesiamu, magnesiamu, magnesiamu. Tiba nayo ni moja, kijiko cha unga mweupe asubuhi na kingine jioni, kutoka kwenye ndoo yenye picha ya farasi mwenye macho ya upole.

Imani hii imekita mizizi Uingereza, Ireland, Marekani na Australia kiasi kwamba anayeihoji huonekana kuwa ndiye mwenye deni la ushahidi. Huku kwetu Kenya farasi ni wachache, lakini wapo: wa mbio Ngong, wa polo Gilgil, wa kubeba watalii Laikipia. Wenye farasi hao hupata ushauri kutoka huko huko, na ndoo hufuata ushauri. Kwa hiyo si ugomvi wa watu wa mbali peke yao.

Hoja yao husemwa hivi. Udongo umechoka, majani hayana tena magnesiamu ya kutosha. Mnyama anayekosa magnesiamu huwa na wasiwasi. Mpe, atatulia. Na asipotulia, umepoteza nini? Haidhuru kujaribu. Mimi nasema mwanzo wa hoja hii ni kosa la hesabu, katikati yake imeazimwa kutoka kwa ng'ombe, na mwisho wake, hilo la haidhuru, ndilo linalowaumiza farasi zaidi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo isiyoandikwa kwenye ndoo. Mwaka 2007 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa toleo la sita la kitabu chake cha mahitaji ya lishe ya farasi, kitabu ambacho mtaalamu yeyote wa chakula cha farasi anakirejea. Farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji gramu 7.5 za magnesiamu kwa siku. Kazi nyepesi inapandisha mahitaji hadi gramu 9.5, kazi ya wastani 11.5, na kazi nzito gramu 15. Basi. Hakuna farasi wa kawaida wa uzito huo aliyepangiwa zaidi ya hapo kwa sababu ya kuwa na roho nyepesi.

Sasa tazama anachokula. Kilo moja ya nyasi kavu za kawaida ina magnesiamu kama gramu 2. Farasi wa kilo 500 aliyeachiwa ale anavyotaka humaliza karibu kilo 10 kwa siku, maji yakiwa hayakuhesabiwa. Hizo ni gramu 20, karibu mara tatu ya mahitaji yake akiwa amesimama, na bado zinamtosha akifanya kazi nzito. Chukua nyasi duni kabisa, zenye gramu 1.3 kwa kilo: anapata 13. Mchanganyie lusini, ambayo mara nyingi ina gramu 3 kwa kilo, na hesabu inazidi kupaa. Hata yule mnene aliyewekwa kwenye mlo wa kubanwa, kilo saba na nusu za nyasi hizo duni na hakuna kingine, anapata karibu gramu 10, na kazi yake ya siku ni kusimama uani akiwaza chakula.

Hapo muuzaji hutabasamu na kusema: lakini haifyonzwi yote. Kweli, haifyonzwi yote, na waliopanga viwango walilijua hilo kabla yake. Farasi wa kilo 500 hupoteza mwilini gramu 3 hivi za magnesiamu kwa siku. Kiwango cha gramu 7.5 kimepatikana kwa kudhani kwamba utumbo utafyonza asilimia 40 tu ya kinacholiwa. Punguzo limeshakatwa. Anayelikata mara ya pili anauza, hahesabu.

Kuhusu udongo uliochoka, jibu lake halipatikani kwa kubishana juu ya udongo wa dunia nzima. Kuna maabara zinazopima nyasi. Unachota sampuli kwenye marobota yako, unaipeleka, unaletewa karatasi yenye gramu za magnesiamu kwa kila kilo. Ajabu ni kwamba watu wanaolisha magnesiamu mwaka baada ya mwaka, kwa imani kwamba malisho yao hayana, ni nadra kuwa na karatasi hiyo.

Basi imani ilitoka wapi? Ilitoka kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe ni ya kweli. Majani machanga ya majira ya kuchipua huko Ulaya humwangusha ng'ombe wa maziwa ghafla: anatetemeka, anakuwa mkali, anaanguka akipiga miguu, na asipotibiwa anakufa. Uholanzi, karibu na mwaka 1930, mtafiti Sjollema na mwenzake Seekles walionyesha kwamba damu ya ng'ombe hao ilikuwa imepungukiwa magnesiamu. Tangu hapo wafugaji wa Uingereza wamekuwa wakiwapa ng'ombe oksidi ya magnesiamu kila majira hayo yanapowadia, na wanafanya sawa.

Ila ng'ombe hufyonza magnesiamu kwenye tumbo lake kubwa la kwanza, na potasiamu nyingi iliyomo kwenye majani machanga yaliyotiwa mbolea ndiyo huziba njia hiyo. Farasi hana tumbo hilo. Yeye hufyonza magnesiamu kwenye utumbo mwembamba, ambako potasiamu haina nguvu hiyo ya kuzuia. Ndiyo maana farasi na ng'ombe wanaweza kula shamba moja, wiki moja, ng'ombe akaanguka na farasi akaendelea kula. Ugonjwa wa ng'ombe umehamishiwa zizi la farasi bila kuangalia kama mnyama mpya ana kiungo kinachougua.

Watetezi wakibanwa hapa huleta jaribio la Harrington, mtafiti wa Marekani aliyewalisha watoto wa farasi chakula kilichoondolewa karibu magnesiamu yote na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Wanyama hao walikuwa na wasiwasi, ndiyo. Pia walitetemeka misuli, wakatokwa jasho, wakayumba, wakaanguka kwa kifafa, na wengine wakafa wakiwa na chokaa kwenye kuta za mishipa mikubwa ya damu. Matangazo yamechukua dalili ya kwanza kwenye orodha na kuziacha nyingine zote. Na ili kumfikisha farasi hapo ilibidi kumtengenezea chakula cha maabara, kwa sababu nyasi za kawaida hazikuweza kumfikisha.

Kimbilio linalofuata ni damu. Ukisema ulimpima farasi wako na magnesiamu ilikuwa sawa, utaambiwa kipimo cha damu hakifai, kwani damu hubeba kama asilimia 1 tu ya magnesiamu ya mwili. Asilimia 60 imo kwenye mifupa na nyingi ya iliyobaki imo kwenye misuli. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini angalia yanavyotumiwa. Kipimo kikionyesha upungufu, nunua. Kipimo kisipoonyesha upungufu, kipimo ni kibovu, nunua. Kama kweli wangetaka kujua, wangepima mkojo, kwa sababu figo za farasi aliyetosheka hutoa magnesiamu ya ziada, na za farasi anayekosa huibana. Sijawahi kuona ndoo inayomshauri mnunuzi apime mkojo kwanza.

Nije kwenye ushahidi wao bora, maana upo, na si haki kuuruka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Charles Sturt, Wagga Wagga, Australia, walichapisha jaribio la farasi sita waliohasiwa, wa aina ya Standardbred. Waliwashtua na kupima kasi yao ya kukimbia, wakiwa wamepewa magnesiamu, wakiwa hawajapewa, na wakiwa wamepewa asepromazini, dawa ya kutuliza inayojulikana kwa kila daktari wa farasi. Magnesiamu ilipunguza kasi hiyo kwa zaidi ya theluthi moja. Wauzaji wamelifanya jaribio hili kuwa kitambulisho chao.

Farasi sita ni wachache, lakini tuseme matokeo ni ya kweli. Yanathibitisha nini? Hayathibitishi upungufu, kwani hakuna aliyeonyesha kuwa farasi hao walikuwa na upungufu wowote. Walikuwa farasi wazima wanaokula vizuri, wakaongezewa juu yake. Ikiwa magnesiamu iliwapunguza kasi, iliwapunguza kama dawa inavyopunguza, sio kama chakula kinavyoziba pengo. Hapo mtetezi achague. Akisema ni lishe, basi farasi aliyekwisha kutosheka hana sababu ya kubadilika akiongezewa. Akisema inambadilisha hata aliyetosheka, basi ni dawa ya kutuliza, na amwambie mnunuzi hivyo, na amwambie pia mwamuzi wa mashindano. Chama kinachosimamia michezo ya farasi Marekani kimepiga marufuku kumdunga farasi salfeti ya magnesiamu ili kumtuliza, kwa sababu wapo waliokuwa wakifanya hivyo kabla ya kuingia uwanjani, na madini hayo yakiingia mengi kwenye mshipa wa damu yanaweza kuulemaza moyo. Kitu hakiwezi kuwa majani ya shambani siku ya kuuza na kuwa mbinu ya ushindi siku ya mashindano.

Sheria zenyewe zimeacha mlango wazi. Marekani ilitunga mwaka 1994 sheria ya virutubisho vya nyongeza vya binadamu, na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaeleza baadaye kwamba sheria hiyo haiwahusu wanyama, lakini soko la wanyama limestawi vile vile. Ulaya, chakula cha mnyama hakiruhusiwi kudai kwamba kinatibu ugonjwa. Ndiyo maana maandishi ya ndoo yana ustadi wa pekee: “husaidia tabia ya utulivu”, “huchangia utendaji wa kawaida wa neva”. Soma taratibu uone kama umeahidiwa chochote.

“Lakini wangu alitulia!” Hili nimelisikia kuliko hoja nyingine zote, na anayelisema hasemi uongo. Watu huamini kwamba farasi hawezi kudanganywa na dawa bandia kwa kuwa hajui amepewa nini. Aliye mgongoni anajua. Nchini Sweden, Linda Keeling na wenzake walichapisha mwaka 2009 jaribio ambalo ningependa lisomwe katika kila zizi. Watu waliongoza au kupanda farasi kutoka upande mmoja hadi mwingine mara nne. Kabla ya mara ya nne waliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla farasi anapopita. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nayo, ingawa farasi hakuambiwa lolote na hakuona lolote. Geuza jaribio hilo upande wa pili. Mtu aliyelipia ndoo ya utulivu hupanda akiwa amelegeza mabega, mkono haukamati hatamu kwa hofu, mguu hauminyi mbavu. Farasi anatulia. Sifa zinakwenda kwa unga.

Kuna pia wiki zenyewe zinazopita. Watu huanza magnesiamu farasi akiwa amefikia kilele cha ukorofi, mara nyingi majani yanapochipua au mazoezi yanapobadilika. Kilele hakidumu. Angepewa unga wa mahindi angetulia pia.

Wale wa shingo nene na kwato zinazouma nitawapitia haraka, kwa kuwa kwao jambo limejaribiwa na jibu likatoka. Madai ni kwamba magnesiamu, mara nyingi pamoja na kromiamu, hurekebisha insulini ya farasi mnene na hivyo kumkinga na laminaitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlaza asiinuke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee waliwapa farasi wanene waliokwisha kuugua laminaitisi mchanganyiko huo kwa wiki 16, wakalinganisha na wasiopewa, na kuchapisha mwaka 2011. Umbo halikubadilika, insulini haikubadilika. Anayetaka kumwokoa farasi wa namna hiyo apunguze majani na nafaka, amtembeze kama kwato zinaruhusu. Ni kazi ya miezi, na mnyama atamchukia kwa muda.

Sasa “haidhuru”. Kwa kiwango cha kijiko, ni kweli kwamba farasi mwenye figo nzima hatadhurika. Magnesiamu ya ziada atakojoa, kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi uliojaa. Lakini nyingi si salama kwa kuwa tu ni madini ya asili. Chumvi ya haluli, ambayo ni salfeti ya magnesiamu, hutumiwa na madaktari kulainisha choo cha farasi, na ikizidishwa imewalevya na kuwalegeza hadi kushindwa kusimama. Huko California, ambako farasi hulishwa lusini kwa wingi, madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikusanya visa 900 vya mawe ya utumbo kati ya 1973 na 1996. Mawe hayo hujengwa na magnesiamu, amonia na fosforasi kuzunguka kijiwe au kipande cha waya, hukua miaka bila kelele, kisha siku moja huziba utumbo. Sisemi kijiko cha unga kinaleta mawe. Nasema kwamba aliye kwenye malisho ya lusini na bado akaongezewa magnesiamu ana mtu asiyejua tayari anakula nini.

Madhara makubwa hayamo hata kwenye unga. Yamo kwenye wiki sita za kusubiri uone kama umefanya kazi.

Fikiria farasi wa mbio anayejaribu kuuma kila mkanda wa tandiko unapokazwa. Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, ale asile, na mate yanayoipunguza makali hutoka anapotafuna tu. Ameumbwa kula saa nyingi za siku. Sisi tunamfungia, tunampa nafaka mara mbili au tatu na robota dogo linalokwisha kabla ya saa nne usiku. Tafiti za kamera iliyopitishwa puani hadi tumboni zimekuta vidonda kwa farasi wengi mno wa mbio walio mazoezini, mara nyingi zaidi ya 8 kati ya kila 10. Farasi mwenye vidonda hushtuka, hukataa chakula, hugeuka kuuma. Saisi anayemsugua kila alfajiri analijua eneo linalomuuma kuliko mwenye farasi, na mara nyingi hakuna anayemuuliza. Kisha anakuja mtu na ndoo. Wala sitashangaa ikiwa baadhi ya farasi wanaotulia kidogo wanatulia kwa sababu oksidi ya magnesiamu hupunguza asidi, kama dawa za kiungulia za binadamu zinavyofanya. Hilo lingekuwa fununu ya kumwita daktari mwenye kamera, sio sababu ya kuagiza ndoo ya pili.

Vidonda ni mfano mmoja. Kuna tandiko linalobana mabega, jino lenye ncha kali, jicho linaloanza kupoteza nuru, farasi aliyefungiwa saa 23 kwa siku akidaiwa adabu kwenye saa ya ishirini na nne. Kila kimoja kinaweza kutafutwa. Hakuna hata kimoja kinachotafutwa wakati watu wanasubiri unga.

Na kama ni madini mnayotaka kununua, nunueni yale ambayo nyasi kweli hazina. Farasi wa kilo 500 anahitaji gramu 10 za sodiamu kwa siku, na malisho mengi hayampi hata nusu yake. Gramu 25 za chumvi ya jikoni zinamaliza shida hiyo kwa senti chache. Anahitaji pia shaba kama miligramu 100 na zinki kama miligramu 400, na hizo ndizo zinazopungua kwenye nyasi kavu mara kwa mara. Kwa malisho ya joto kama yetu kuna jambo jingine, zito kuliko yote haya. Setaria, pamoja na ile aina ya Nandi iliyotoka Kenya ikapelekwa Australia, ina oksaleti nyingi inayoikamata kalsiamu tumboni isifyonzwe. Nyasi za bafeli nazo, na kikuyu kwa kiasi fulani. Farasi anayeishi kwa majani hayo peke yake huchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, uso ukavimba, akachechemea mguu huu leo na ule kesho. Wafugaji wa Queensland wanaufahamu ugonjwa huo vizuri. Boma Rhodes, bahati njema, haina tatizo hilo. Mwenye farasi wa hapa Kenya anayeagiza magnesiamu kwa ndege huku hajui ni nyasi gani zimeota kwenye uwanja wake amesoma ushauri ulioandikiwa malisho ya watu wengine.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kwao naipa magnesiamu nafasi yake. Baadhi ya farasi hutikisa kichwa kwa nguvu, kana kwamba nyuki ameingia puani, kwa sababu neva inayobeba hisia za uso imekuwa nyepesi kupita kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba magnesiamu ilipunguza mitikiso hiyo, kwanza ikidungwa kwenye mshipa, kisha, mwaka 2019, ikitiwa kwenye chakula, na zaidi ikichanganywa na boroni. Farasi hao ugonjwa wao ulikuwa umetambuliwa kwanza, damu yao ilipimwa, na kilichohesabiwa ni mitikiso ya kichwa, sio furaha ya mpandaji. Mwenye farasi wa namna hiyo ana sababu ya kuzungumza na daktari wake juu ya magnesiamu. Wengine waanze kwa kupeleka konzi chache za nyasi zao kavu maabara.